Marehemu Aliyepokea Pole ya Mafuriko

"Marehemu amechukua pesa zake mwenyewe. Kwa wakala, Chalinze, wiki moja baada ya kuzikwa!"

Hayo ndiyo maneno tuliyomwacha nayo Nasrin, afisa wa maafa kutoka wilayani, amesimama mbele ya pazia la chumba cha eda. Kuku tu ndio walioendelea kuparura kando ya jiko, kwa sababu kuku hawana habari na mambo ya serikali.

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, nitasema kwa ufupi. Masika haya Mto Ruvu ulivunja kingo ukameza mashamba ya mpunga ya kijiji cha Mzambarauni. Serikali ikaahidi pole kwa kila mkulima aliyepoteza mazao, na pole hiyo ipitie kwenye simu yake. Abdillah, mumewe Maulida, alikuwa shambani maji yalipokuja. Hakurudi. Baadaye maiti ilionekana imenasa kwenye mikoko, ikazikwa, na Maulida akaingia eda. Kisha pole ya Abdillah ikaingia kwenye simu yake, simu ambayo tangu siku ya mafuriko hakuna aliyeiona.

Hakuna aliyeiona, lakini kuna aliyeitumia.

"Dada Maulida," Nasrin aliliambia pazia, "zile pesa zimetolewa kwa namba ya siri. Namba ya siri ya mume anaijua nani, kama si mke?"

"Na mimi nimo humu ndani," sauti ya Maulida ikajibu. "Tangu tumzike sijavuka kizingiti hiki. Chalinze nimefika kwa mbawa?"

"Basi aliyefika ni mumeo. Na kama mumeo anatembea, rambirambi uliyopokea ni ya uongo."

"Astaghfirullah!"

Huyo alikuwa Bimdogo, mama yake Abdillah, mkwewe Maulida. Alikuwa jikoni, anafunga hotipoti kwa kitambaa cheupe. Tangu msiba uanze, kila mchana Bimdogo alipika akapeleka sadaka ya marehemu kwa watoto wa chuo cha Kurani, na kijiji kizima kilimsifu kwa hilo.

"Bibi afisa," alisema Bimdogo, "nyinyi wa mjini mkisoma kidogo mnadhani kila mtu mwizi. Mwanangu yuko kaburini. Unataka nini tena, sanda?"

"Nataka ukweli, mama. Sanda abaki nayo."

"Basi ukweli utafute peke yako, mimi nawahi. Watoto wa chuo wananisubiri."

"Hakuna anayetoka," Nasrin akasema. "Kaa, mama. Nakuomba."

Bimdogo akakaa. Lakini hotipoti hakuiweka chini. Aliipakata kama mtoto mchanga.

Nasrin akarudi kwenye pazia, na safari hii alishusha sauti. "Dada, sikuja kukutisha. Lakini nikirudi ofisini bila maelezo, jina lako linafutwa. Pole hupati, mbegu hupati, na msimu unakuja huna cha kupanda. Halafu Jumatatu polisi watakuja kukuchukua, eda au si eda. Una watoto watatu. Sema kitu."

Kisha Maulida akasema neno moja ambalo hakuna aliyelitazamia.

"Muulizeni aliyemwosha."

Macho yote yakageuka upenuni.

Aliyekaa pale alikuwa mzee Bwanausi, muosha maiti wa Mzambarauni. Ametoka moja kwa moja kwenye sala ya Ijumaa, kanzu imenyooka, kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono kichwani. Ameosha baba za watu na babu za watu. Ukimwona Bwanausi anakuja kwako na ndoo, ujue nyumba yako imepata msiba.

"Shikamoo, mzee," Nasrin akamwambia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Lakini usinisogelee na hiyo kalamu."

"Kalamu haiumi, babu."

"Inauma. Nimeona watu wameumwa."

Nasrin akaitia kalamu mfukoni. "Haya. Ulimwosha Abdillah?"

"Niliosha maiti iliyoletwa kwa jina la Abdillah."

Msomaji, hebu lisome jibu hilo tena. Nasrin naye alilisikia mara mbili.

"Maana yake nini hiyo, babu? Ulimwosha Abdillah au hukumwosha?"

Bwanausi akavua kofia, akaiweka gotini. "Mjukuu wangu, kazi yangu ina amana. Ninayoyaona kwenye kitanda cha kuoshea, nayaacha pale pale kwenye ufuo uliochimbwa chini yake, yanakwenda na yale maji shimoni. Ya maiti hayasemwi. Marehemu baba yangu aliniapisha nikiwa kijana, na sijavunja. Hata mke wangu hajui lolote."

"Huyu mama atalala rumande kwa ajili ya amana yako."

"Kwa nini alale?"

"Kwa sababu mtu uliyemwosha anachukua pesa Chalinze!"

Mzee alitazama pazia, akatazama mlango wa ua, akatazama mikono yake. Bimdogo naye alimtazama kwa jicho kali.

"Bwanausi," alisema Bimdogo polepole, "kumbuka umri wako."

"Naukumbuka, Bimdogo. Ndiyo maana naogopa kufa na siri hii." Akageukia pazia. "Maulida, mwanangu. Kabla sijafungua mdomo, niwie radhi."

"Nimekuwia, babu."

"Siri ya mumeo niliiona. Na nyumba yako nimeistiri."

"Siri gani?"

Mzee akakohoa. "Ile... aliyoificha tangu utoto."

"Siijui, babu."

"Utakosaje kuijua? Mmezaa watoto watatu!"

Hapo hata Nasrin alishindwa pa kutazama.

"Babu," Maulida akasema, "mimi niko nyuma ya pazia na wewe unazunguka. Sema."

"Basi nasema, Mungu anisamehe. Mumeo aliwakimbia wenziwe kumbini. Aliyelala mbele yangu kitandani hakuwa ameingia jando."

Lo!

Ua mzima ulishika mdomo. Kwenu nyinyi mnaosoma mkiwa mbali na pwani, nieleze: Mzambarauni hakuna mtoto wa kiume anayefika utu uzima bila kwenda kumbini kutahiriwa. Mwanamume akikosa jando, aibu si yake peke yake. Ni ya baba, ya mama, na ya mjomba aliyetakiwa kumpeleka. Siri ya namna hiyo muosha maiti ni heri afe kuliko kuitoa. Bwanausi aliiona, akamhurumia marehemu, akaifunika na sanda.

Kisha kikatokea kitu cha ajabu. Ndani ya chumba cha eda, mjane alicheka.

Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa kifupi na kikavu.

"Abdillah?" alisema Maulida. "Abdillah hakuingia jando? Babu Bwanausi, mimi ni mkewe. Miaka kumi na minne. Kama kuna mtu hapa anayejua, ni mimi."

"Unasema..."

"Nasema mume wangu alitahiriwa, na sitalirudia hilo mbele ya watu. Na mama yupo hapo jikoni, ndiye aliyenihadithia. Mama, si wewe uliyeniambia siku wanatoka kumbini ulichinja mbuzi, na ngoma ikakesha hapa uani?"

Bimdogo akageukia jiko.

"Mama?"

"Mambo ya zamani hayo," Bimdogo akasema. "Nimesahau."

Msomaji, mama anasahau siku mwanawe anatoka kumbini? Mwanamke wa pwani hata awe hajui jina lake, siku hiyo anaijua.

Nasrin alikwisha kuona hilo. Lakini alimwacha Bimdogo, akamgeukia mzee. "Babu, maiti ile mliitambuaje?"

"Uso haukuwa uso tena. Maji, na kaa wa mikoko. Iliyotambulika ni fulana ya Abdillah, ile ya kijani aliyovaa shambani."

"Nani aliyesema ndiye?"

"Kaka yake. Alawi."

"Na mlioosha mlikuwa wangapi?"

"Wawili. Mimi naosha, na mmoja ananimiminia maji."

"Aliyemimina ni nani?"

Pale pale, mbele ya macho ya watu, mzee yule alielewa alichofanyiwa.

"Alawi," alisema. "Alikuwa Alawi. Nilipoona nilichokiona, nikamtazama. Akanishika mkono akalia. Akaniambia, mzee wangu, hiyo ndiyo aibu ya nyumba yetu, mdogo wangu alitoroka kumbini, baba akaficha. Tustiri. Usimwambie mtu. Akalia mpaka na mimi nikalia."

"Babu," Maulida akasema taratibu, "Alawi na Abdillah waliingia kumbi moja, msimu mmoja. Walilala mkeka mmoja."

"Najua, mwanangu. Sasa ndiyo najua."

Alawi hakumdanganya Bwanausi kwa ujinga wa mzee. Alimdanganya kwa uaminifu wake. Alijua kuna mtu mmoja tu Mzambarauni anayeweza kusema kwamba maiti ile si ya Abdillah, na akajua namna ya kumfunga mdomo.

"Kulikuwa na alama nyingine, babu?" Nasrin aliuliza.

"Ipo moja. Goti la kulia. Mshono mrefu wa hospitali, umepinda kama ndoana."

Kalamu ilimtoka Nasrin mfukoni alipoinama ghafla. Hakuiokota.

Goti lile alilijua. Na wewe msomaji mwema unayelifuatilia gazeti hili tangu mwanzo unalijua. Kabla ya Nasrin alikuja mpimaji wa ofisi yake, kijana wa bara ambako jando si desturi ya wote, kupima mashamba yaliyoharibika. Alikuwa na pikipiki, na mwaka jana alianguka nayo Kerege akavunjika goti. Nasrin ndiye aliyekaa naye hospitali. Mpimaji yule aliingia Mzambarauni, akakataa kupima mikorosho ya Alawi iliyo juu mlimani, kwa sababu alisema hakuna mafuriko yanayopanda mlima. Kisha akatoweka. Ofisini walisema amekimbia na pesa za mafuta. Nasrin mwenyewe alishaanza kuamini, akamsema vibaya mbele ya watu.

Hakukimbia popote. Kijiji kilimswalia, kikamzika kwa jina la mtu mwingine.

Lakini msichana yule ana akili. Hakusema neno juu ya goti. Hakumtaja mpimaji. Alikaza uso, akasema tu, "Ahsante, babu. Nimeandika kichwani."

"Hodi!"

Sauti nzito ilitoka mlangoni. Bila kungoja karibu, Alawi akaingia, kanzu nyeupe, miwani mipya ya jua, funguo za pikapu zinacheza kidoleni. Pikapu ile hupeleka nazi Chalinze.

"Assalaam alaykum. Eh! Mkutano? Mbona sikualikwa?"

"Wa alaykumu ssalaam," walijibu wachache.

"Bibi afisa bado upo? Mjini hawakutaki?" Akacheka peke yake. Kisha akaona uso wa Bwanausi, na kicheko kikakatika. "Mzee, una nini?"

"Usiniulize kilichonipata," Bwanausi akasema. "Sitakujibu."

Ndani ya chumba kulisikika kanga inakung'utwa. Pazia likatikisika.

"Shemeji Alawi," Maulida akaita.

"Naam, shemeji."

"Nataka kutoka."

"Utoke uende wapi? Uko eda!"

"Eda ni ya mwenye kufiwa. Mimi nimeambiwa leo kwamba sijafiwa."

Bimdogo alisimama. "Maulida! Ukivuka hapo utatutia laana!"

"Mwache, mama," Alawi akasema. Akavua miwani, akasogea mpaka karibu na pazia. Sauti yake ikawa laini, ya mtu anayekusaidia. "Shemeji, mimi nakupenda kama dada yangu. Fikiri kwanza. Ukibaki humo mpaka siku zako ziishe, wewe ni mjane. Serikali itakupa pole, itakupa mbegu, nami nitakulimia. Watu watakuheshimu. Ukitoka leo, unatangaza kwamba Abdillah yu hai. Haya. Kama yu hai, mbona kajificha? Kama yu hai, basi nani aliyemuua mpimaji? Watamtafuta nani? Wewe ndiye utakayemtia mumeo kitanzi, kwa mguu wako mwenyewe."

Maneno yalikuwa mazuri, yamepangwa, na yana uchungu ndani yake. Maulida abaki ndani, mumewe afe kwa jina na shamba liende kwa Alawi. Atoke nje, mumewe awe muuaji. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Aliyezungumza ni Nasrin. Alizungumza pole, kama mtu anayeuliza bei ya ndizi.

"Kaka Alawi. Mpimaji gani?"

"Mpimaji... yule wenu."

"Yule wetu alikimbia na pesa za mafuta. Kijiji kizima kinasema hivyo. Wewe mwenyewe uliniambia juzi, ukasema ulimwona anapanda basi."

Alawi alilamba midomo. "Nimesikia watu wanasema ameuawa."

"Watu gani? Hapa tumezungumza habari za jando tu, na babu huyu ni shahidi. Hakuna aliyemtaja mpimaji. Hakuna aliyesema ameuawa."

"Sikumtaja," Bwanausi akasema. "Wallahi hata sikujua."

Funguo zikaacha kucheza kidoleni.

Na hapo, msomaji, pazia lilifunguka.

Maulida alitoka. Mchana kweupe, mbele ya wanaume, miguu mitupu, nguo nyeupe za eda mwilini, macho yamefifia kwa kukaa gizani. Alikanyaga kizingiti, akakipita. Mwanamke mmoja alianza kulia. Bwanausi akageuza uso kwa heshima, kisha akaugeuza tena, kwa sababu alikumbuka kwamba huyu si mjane.

"Shemeji," Maulida alimwambia Alawi, "mume wangu yuko wapi?"

Alawi alijaribu kucheka. Kicheko hakikutoka. Na mtu akibanwa hivyo macho yake humtoroka kabla ya ulimi. Macho ya Alawi yalitoroka. Yalikwenda jikoni, kwa mama yake, yakakaa huko zaidi ya inavyofaa, kisha yakarudi.

Maulida aliyafuata.

Alimwona mkwewe amesimama, kitambaa cheupe, hotipoti kifuani. Alikuwa ameisikia hotipoti ile kila siku kutoka chumbani. Alisikia Bimdogo akiwakataza wanawake waliomsaidia jikoni wasitie pilipili, kwamba watoto wadogo hawaiwezi. Watoto wa chuo cha Mzambarauni! Wale wanaokula embe mbichi kwa pilipili na chumvi tangu hawajaota meno! Mtu mmoja tu katika nyumba hii hakuwa akila pilipili, naye ni mumewe, kwa vidonda vyake vya tumbo.

"Mama," alisema Maulida, "leo siku gani?"

"Ijumaa. Umepotewa na siku?"

"Chuo kinasomwa Ijumaa?"

Bimdogo alirudi nyuma hatua moja, hotipoti kifuani.

"Ijumaa iliyopita ulipeleka. Ijumaa ya kabla yake ulipeleka. Watoto wako majumbani kwao, mwalimu wao yuko kwake. Mama, nani anakula?"

"Nyamaza, mama!" Alawi akafoka. "Usijibu!"

Nasrin alisogea mlangoni, akausimamia, simu sikioni. Bwanausi, mzee yule, akaenda akasimama ubavuni mwake, na kwa mara ya kwanza Alawi alionekana mdogo ndani ya kanzu yake.

Maulida hakuwatazama hao. Alivuka ua, akafika mbele ya mkwewe, akapiga goti kidogo kama mke anavyompigia mama wa mumewe. Bimdogo machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini vidole vyake viliikamata hotipoti mpaka kucha zikawa nyeupe.

Maulida akaweka mikono miwili juu ya mikono ile. Hotipoti ilikuwa bado ya moto.

"Nipe, mama," alisema. "Leo nitampelekea mimi."